Kuingiza Pingili katika Mkufu: Orodha za Kompyuta, Upatu wa Buzuruga na Swali la Istilahi

1.0 Utangulizi



Kichwa cha mhadhara huu kimewashangaza baadhi yenu. Mwenzangu mmoja wa fasihi aliniuliza kwa upole iwapo sikupotea njia nikaingia idara isiyo yangu. Nilimjibu kwamba niliingia kwa makusudi, na kwamba nilichokikuta huko nilikuwa nimekwisha kukiona Buzuruga, katika daftari la mama mmoja mfanyabiashara, na kabla ya hapo katika bahari za ushairi wetu.

Jambo lenyewe ni dogo. Wanaosomea kompyuta hufundishwa mapema sana namna ya kuingiza kitu kipya katikati ya orodha ya aina fulani: orodha ambayo kila kitu kilichomo hukijua kile kinachokifuata, na hakijui zaidi ya hapo. Kazi hiyo ina hatua mbili tu. Hata hivyo hatua hizo mbili zikipinduliwa, nusu ya orodha hupotea. Katika nchi yetu somo hilo hutolewa kwa Kiingereza, kama yatolewavyo masomo mengine ya sekondari na ya elimu ya juu, na wanafunzi wengi hulihifadhi kama dua ya lugha wasiyoijua. Hoja yangu leo ni kwamba Kiswahili kina akiba ya kutosha ya kulieleza jambo hili, na kwamba istilahi tutakazozichagua zipimwe kwa swali moja: je, zinamsaidia mwanafunzi asipindue hatua? Nitaanza na daftari, niende kwenye kosa, kisha nirudi nyumbani kwetu kwenye lugha.

2.0 Daftari la kijumbe

Buzuruga ni kata ya Manispaa ya Ilemela, jijini Mwanza, kandokando ya barabara kuu iendayo Musoma. Kwa wasafiri wa miaka mingi jina hilo lilikuwa na maana ya stendi: mabasi, wapiga debe, mama lishe na wauza dagaa walioununua mzigo wao mwaloni Kirumba. Miongoni mwa wanawake hao niliufahamu upatu mmoja wa watu 12. Upatu, au mchezo kama wengi wausemavyo, hauhitaji maelezo marefu mbele ya hadhara hii. Kila wiki kila mmoja hutoa kiasi kilekile, na fungu lote hupewa mmoja wao, kwa zamu, hadi wote wapokee. Anayekusanya na kugawa huitwa kijumbe. Nguzo ya mchezo si fedha, ni zamu. Aliye wa kumi hutoa wiki tisa bila kupokea kitu, kwa kuwa tu ana hakika kwamba zamu yake ipo na haitapotea.

Kijumbe wa upatu huo aliziweka zamu kwa namna ambayo sikuielewa siku ya kwanza. Nilitegemea kuona ukurasa mmoja wenye majina 12, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Sikuuona. Kila mwanachama alikuwa na ukurasa wake, popote palipokuwa wazi siku alipojiunga, na humo ziliandikwa fedha alizotoa. Chini kabisa ya kila ukurasa palikuwa na mstari mmoja: jina la atakayepokea baada yake, pamoja na namba ya ukurasa wa huyo. Ndani ya jalada paliandikwa nani anaanza.

Nitawapa wanachama majina ya mfano. Kwenye jalada: anaanza Holo, ukurasa wa 12. Ukifungua ukurasa wa 12 unamkuta Holo na hesabu zake, na chini: anafuata Nyamizi, ukurasa wa 3. Kwa Nyamizi: anafuata Kabula, ukurasa wa 4. Kwa Kabula: anafuata Minza, ukurasa wa 17. Kutoka kwa Minza unaendelea hivyo hadi ukurasa wa mwanachama wa kumi na mbili, ambao chini yake pameandikwa: mwisho.

Nilimuuliza kwa nini asiandike orodha moja iliyonyooka. Alicheka. Alisema alifanya hivyo mwaka wa kwanza, na kila alipokuja mtu mpya au wawili walipobadilishana zamu ilimbidi akate, apachike, achore mishale, mwisho aandike upya ukurasa mzima, na katika kuandika upya ndimo majina yanamopotea na ugomvi unamozaliwa.

Mama huyu hakuwahi kusomea kompyuta. Lakini alichokuwa nacho mkononi ndicho hasa ambacho Allen Newell, Cliff Shaw na Herbert Simon walikibuni mnamo 1955 na 1956, katika kazi yao na taasisi ya RAND ya Marekani. Walikuwa wakitunga programu ya kuthibitisha kanuni za mantiki, na shida yao ilifanana na ya kijumbe: hawakuweza kujua mapema orodha zao zingekuwa na urefu gani, wala ni wapi kitu kipya kingehitaji kuingia. Miaka miwili au mitatu kabla yao, mnamo 1953, Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM alikuwa ameligusia wazo la jinsi hiyo katika andiko la ndani la kampuni. Mwaka 1958 John McCarthy alianza kuiunda LISP, lugha ya programu ambayo karibu kila kitu ndani yake ni orodha ya namna hii.

Kumbukumbu ya kompyuta ni daftari kubwa lenye kurasa zilizopigwa namba. Ukurasa wa mwanachama, wenye habari zake na mstari wa chini, ndio kipande kimoja cha orodha. Nitakiita pingili, na nitaeleza baadaye kwa nini. Mstari wa chini, wenye namba ya ukurasa mwingine, nitauita kielekezi.

3.0 Safu na mkufu

Ili tuone faida na hasara ya daftari hili, na tulilinganishe na foleni ya ndoo bombani. Ndoo zimepangwa mstari mmoja, moja baada ya nyingine. Ukitaka ndoo ya saba huna haja ya kumuuliza mtu. Unahesabu kwa macho na kuifikia mara moja. Lakini ukitaka kupachika ndoo baada ya ya tatu, katika mstari wa ndoo 12, ni lazima usogeze ndoo tisa nyuma kwanza. Mpangilio wa aina hii huitwa safu.

Katika daftari hakuna kinachosogezwa. Hata wanachama wakiwa elfu, kumwingiza mmoja kunahitaji kuandika mistari miwili tu. Malipo yake ni kwamba huwezi kumrukia mwanachama wa saba. Ni lazima uanze kwenye jalada, ufungue ukurasa wa kwanza, usome mstari wa chini, ufungue wa pili, na kadhalika hadi umfikie. Kwa hiyo anayesema kwamba daftari ni jepesi kuliko foleni amesema nusu: kuingiza ni kwepesi, kutafuta mahali pa kuingiza ni kuzito. Tena kompyuta za leo zimeundwa kwa namna ambayo husoma kwa kasi zaidi mambo yaliyokaa jirani, kama ndoo, kuliko yaliyotawanyika, kama kurasa za kijumbe. Mara nyingi safu hushinda hata pale ambapo vitabu vya zamani viliahidi kwamba ingeshindwa. Nalitaja hili kwa sababu wapo walimu wanaoisifia orodha hii kana kwamba haina kasoro.

4.0 Hatua mbili

Sasa anakuja Bhoke. Upatu haujaanza kutoa zamu ya kwanza. Bhoke ana karo ya kulipa, na wenzake wanakubaliana apokee baada ya Kabula na kabla ya Minza. Ukurasa ulio wazi ni wa 31. Kijumbe afanye nini?

Kwanza, anaandika ukurasa wa 31: jina la Bhoke, na chini: anafuata Minza, ukurasa wa 17. Namba hiyo anaitoa wapi? Anainakili kutoka chini ya ukurasa wa Kabula, ambako bado ipo. Pili, anafungua ukurasa wa Kabula, anafuta 17 na kuandika: anafuata Bhoke, ukurasa wa 31. Kazi imekwisha. Holo, Nyamizi, Minza na wote walio nyuma ya Minza hawakuguswa, wala hawana haja ya kujua kwamba kuna mgeni.

Mwandishi wa programu angeyasema hayo kwa mistari miwili:

bhoke.fuata ← kabula.fuata
kabula.fuata ← bhoke

Mshale unasomeka "pokea": kielekezi cha Bhoke kipokee kilichomo katika kielekezi cha Kabula, kisha kielekezi cha Kabula kipokee ukurasa wa Bhoke.

Baina ya hatua hizo mbili kuna kitambo kifupi ambacho nakiona kuwa ndicho kiini cha somo zima. Katika kitambo hicho kurasa mbili zinamwelekeza Minza: wa Kabula, ambao haujabadilishwa, na wa Bhoke, ambao umekwisha kuandikwa. Anayesoma daftari kutoka jaladani bado hamwoni Bhoke, lakini anawaona wengine wote. Orodha ni nzima. Hakuna nukta hata moja katika kazi hii ambapo mtu ameachwa bila kushikwa.

Mgeni akitakiwa kuwa wa kwanza, kanuni ni ileile, ila jalada ndilo linaloshika nafasi ya Kabula: mgeni ananakili namba iliyo jaladani, kisha jalada linaandikwa namba ya mgeni. Akitakiwa kuwa wa mwisho, ananakili neno "mwisho" kutoka kwa aliyekuwa wa mwisho, na huyo anaandikiwa namba ya mgeni. Na daftari likiwa halina mtu bado, jalada lenyewe linasema "mwisho", na mgeni analinakili vivyo hivyo. Wanafunzi huyahifadhi haya kama mambo manne. Ni jambo moja.

Neno "mwisho" linahitaji kusemewa kidogo. Kijumbe hakuuacha mtupu mstari wa chini wa ukurasa wa mwisho, kwa sababu mstari mtupu haukuambii kama orodha imeisha au mwandishi amesahau. Mwaka 1965 Tony Hoare wa Uingereza, alipokuwa akibuni sehemu ya lugha ya ALGOL W, aliruhusu kielekezi chochote kiwe kitupu, kwa kuwa ilikuwa rahisi kufanya hivyo. Mwaka 2009 alisimama hadharani akaliita jambo hilo kosa lake lililogharimu dola bilioni moja, kutokana na programu zisizo na idadi zilizoanguka baada ya kufuata kielekezi kisichoelekea popote.

5.0 Kosa la kijana

Kijumbe alikuwa na kijana wake aliyekuwa akisomea kompyuta. Likizo moja kijana aliamua kumpunguzia mama kazi, akalihamishia daftari kwenye programu. Kwa majina 12 ya mwanzo kila kitu kilikwenda sawa. Siku ya kumwingiza mwanachama wa 13, ambaye katika mfano wetu ni Bhoke, kijana aliandika hivi:

kabula.fuata ← bhoke
bhoke.fuata ← kabula.fuata

Ni mistari ileile miwili. Kilichobadilika ni kipi kimetangulia. Na tulifuate daftari. Hatua ya kwanza: kwenye ukurasa wa Kabula 17 inafutwa, inaandikwa 31. Hatua ya pili: Bhoke ananakili kilichomo chini ya ukurasa wa Kabula. Lakini sasa kilichomo ni 31. Kwa hiyo chini ya ukurasa wa Bhoke panaandikwa: anafuata Bhoke.

Alipoiamuru programu ichapishe zamu, kioo cha kompyuta kilionesha Holo, Nyamizi, Kabula, Bhoke, Bhoke, Bhoke, Bhoke, na hakikukoma hadi kijana alipoizima. Minza na wanane waliokuwa nyuma yake hawakuonekana. Kurasa zao zilikuwapo, hakuna aliyezichana. Ila namba ya 17 haikuwa imeandikwa popote tena, na kwa kuwa Minza pekee ndiye aliyemjua wa tano, na wa tano pekee ndiye aliyemjua wa sita, kupotea kwa namba moja kulikuwa kupotea kwa watu tisa. Katika lugha za programu zenye mfagizi, yaani utaratibu wa kuzoa kurasa zisizofikika ili zitumike tena, utaratibu ambao McCarthy aliubuni kwa ajili ya LISP, kurasa hizo tisa zingekuwa halali ya kufagiliwa.

Wanawake wawili walikuwapo wakati huo, na mmoja wao ni wa wale tisa. Hakuuliza habari za kielekezi. Aliuliza ni nani aliyemlipa kijana ili Bhoke apokee kila wiki mpaka kiyama. Wengine walicheka, yeye hakucheka, na Bhoke mwenyewe alilengwalengwa na machozi. Ilichukua jioni nzima, na daftari la karatasi kupitishwa mkono kwa mkono, hadi mioyo ikatulia.

Nilimwomba kijana anieleze alichokosea. Alinisomea kwa Kiingereza safi maneno ya daftari lake la chuoni, na ndani ya maneno hayo hatua zilikuwa katika utaratibu sahihi. Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili kwa nini hii itangulie ile. Alinyamaza. Mama yake, aliyekuwa akichambua dagaa, ndiye aliyejibu. Alisema: "Mwanangu, usimwachie Minza mkono kabla mgeni hajamshika." Kijana aliutazama mstari wake wa kwanza, akauhamishia chini.

Sisemi kwamba Kiingereza ndicho kilichomkosesha. Wapo maelfu wanaolijua jambo hili vizuri kwa Kiingereza, na wapo watakaolikosea kwa Kiswahili. Ninachosema ni kwamba kijana alikuwa na maneno yasiyoshika kitu, na mama alikuwa na kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwomba akiseme darasani.

6.0 Mkufu wa washairi

Wanafunzi wa ushairi waliopo hapa huenda wamekwisha kuona ninakoelekea. Tunao utungo ambao wengine huuita pindu, wengine nyoka, na wengine mkufu. Katika utungo huo neno au kifungu kinachoufunga ubeti ndicho kinachoufungua ubeti unaofuata. Nimetunga beti tatu fupi kwa ajili ya somo hili tu. Wenye ushairi wao wanisamehe.

Giza latanda ziwani, mvuvi ashika kamba.

Kamba yavutwa majini, wavu waja na dagaa.

Dagaa wapo juani, walaji wangoja soko.

Neno la mwisho la kila ubeti ni kielekezi: linakuambia ubeti unaofuata unaanzaje. Sasa mhariri anasema kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, na shairi halina taa. Anataka ubeti uingie kati ya wa kwanza na wa pili. Mshairi anatunga ubeti mpya na kuufunga kwa neno linaloufungua ubeti wa "kamba":

Taa yawashwa chomboni, mikono yangoja kamba.

Kisha, na hapo ndipo tu, anarudi kwenye ubeti wa kwanza na kubadilisha neno lake la mwisho:

Giza latanda ziwani, mvuvi ashika taa.

Neno moja limebadilika katika beti za zamani. Mizani ni nane kwa nane kama ilivyokuwa, na beti za kamba na dagaa hazikuguswa. Lakini tufikirie mshairi anayesoma bila karatasi, ambaye kiitio pekee cha kumkumbusha ubeti wa pili ni lile neno "kamba". Akilibadilisha kuwa "taa" kabla hajautunga ubeti wa taa, ameufuta mlango wa kuingilia ubeti wa pili, na beti zilizobaki zitamtoka kama zilivyomtoka kijana. Washairi wetu wamekuwa wakiitii kanuni hii bila kuipa jina.

Hata katika sarufi kuna jambo linalokaribiana na hili, ingawa nalitaja kwa tahadhari. Mbele ya mzizi wa kitenzi, viambishi vyetu hukaa kama ndoo bombani: katika "anakisoma" kiambishi cha mtenda kina nafasi yake, cha wakati nafasi yake, cha mtendwa nafasi yake, na hakuna ubishi. Nyuma ya mzizi mambo ni mengine. Tuchukue "kopana" na "kopeshana", neno linalofaa kwa wanaupatu. Kiambishi cha usababishi kimeingia katikati ya kop- na -an-, na kilipoingia kilimtazama jirani aliyekitangulia: kwa kuwa mzizi una irabu o, kimekuwa -esh-. Katika "patanisha" kiambishi hichohicho kimeingia baada ya -an-, kikamkuta jirani mwenye a, kikawa -ish-. Mahali pa kuingilia pamebadilisha umbo, na pamebadilisha maana pia: wanaokopeshana kila mmoja humkopesha mwenzake, wanaopatanishwa wamepatana kwanza katika neno, ndipo akaongezwa anayewafanya wapatane. Mlinganisho haufiki mbali zaidi ya hapo, kwa sababu mnyambuliko haufuti kielekezi cha mtu. Ila mwanafunzi wa Kiswahili anayejua kwamba kuingiza katikati si sawa na kuongeza mwishoni amekwisha kuingia nusu ya mlango wa somo la kompyuta.

7.0 Istilahi

Kazi ya kuipa kompyuta maneno ya Kiswahili haikuanza nasi. Mnamo 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, na haukupita muda kampuni ya Microsoft nayo ikaleta Kiswahili katika programu zake. Kutokana na juhudi za miaka hiyo, na za BAKITA na TUKI kabla na baada yake, tumepata maneno ya mtumiaji: yanayoonekana juu ya kioo, kama faili, hariri, futa, hifadhi. Maneno ya mtengenezaji, yaliyo chini ya kioo, hatujayashughulikia kwa kiwango hicho. Tumezoea kuwa wanunuzi wa programu, na msamiati wetu ni wa mnunuzi.

Kwa orodha tuliyoijadili, tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "orodha iliyounganishwa". Naikataa. Katika Kiswahili cha kawaida orodha zilizounganishwa ni mbili zilizofanywa moja, na hiyo ni kazi tofauti kabisa ambayo waandishi wa programu nao wanaifanya. Istilahi inayogongana na maana ya kawaida ya lugha humpoteza mwanafunzi pale hasa anapoiamini. "Mnyororo" ungefaa kwa umbo, lakini nadhani umebeba gereza na historia ya utumwa, na kitu kinachofunguliwa na kufungwa mara kwa mara si pingu. Napendekeza "mkufu", kwa sababu tayari ni istilahi, na istilahi ya jambo lilelile.

Kwa kipande kimoja cha mkufu, wengi hutamka "nodi", na sina ugomvi nao. Waliojaribu kutafsiri walielekea kwenye "fundo" au "kifundo". Hapo muwa unatusaidia. Fundo la muwa ni kikomo. Hakuna utamu ndani yake. Sehemu iliyo kati ya fundo na fundo, iliyobeba maji ya muwa, ni pingili. Kipande cha orodha kimebeba habari, yaani jina la Bhoke na fedha zake, kwa hiyo ni pingili. Rafiki yangu wa kilimo amenipinga akisema kwamba muwa haupachikwi pingili katikati, na ana haki. Lakini istilahi haiwajibiki kufanana na kitu kila upande. Tulikiita kipanya kwa ajili ya mkia wake wa waya. Vipanya vingi vya leo havina mkia, na hakuna aliyevibadilisha jina. Tena neno "pakua" limetoka chunguni likaingia kwenye intaneti bila kuulizwa sufuria iko wapi.

"Kielekezi" nakipendelea kuliko "kirejeshi", ambacho baadhi ya wanafunzi wangu walikipendekeza kwa kuvutiwa na o-rejeshi. Katika "aliyekuja", -ye- humrudia mtu aliyekwisha kutajwa. Kielekezi cha Kabula hakirudi nyuma. Kinamtaja ambaye bado hatujamfikia. Iwapo tutahitaji mkufu ambao kila pingili inamjua pia aliyeitangulia, na kijumbe alihitaji hivyo siku wawili walipobadilishana zamu, basi hapo "kirejeshi" kitapata kazi yake halali: kila pingili iwe na kielekezi kimoja na kirejeshi kimoja, na kumwingiza mgeni kati ya wawili kuhitaji maandishi manne badala ya mawili.

Bado lipo jina la mkufu ambao mwisho wake unaelekea mwanzo. Upatu wa Buzuruga, baada ya mwanachama wa 13 kupokea, haukuvunjika. Kijumbe alifuta neno "mwisho" na kuandika: anafuata Holo, ukurasa wa 12. Wanachama wenyewe huliita jambo hilo mzunguko. Nimeliacha bila kulipendekezea istilahi nyingine, na ningependa kusikia maoni yenu katika kipindi cha maswali.